Nilivyomwua Pweza kwa Halwa

Nyinyi vijana wa chama cha filamu cha Tudor mlinijia wiki iliyopita na mahamri na maneno matamu, mkanikalisha kitako, mkaniuliza lile jeraha la kifuani la Pweza, yule jambazi wa filamu, nililitengeneza vipi. Mwasema mwataka kukiigiza tena kile kifo chake mkitie kwenye simu. Nikawaambia ngojeni, nitawaandikia, kwa kuwa presha ilikuwa imenipanda na sikuwa na hamu ya kusema. Haya, naandika. Lakini mimi nikianza sinyamazi mpaka nimalize, na mwenye haraka aende zake.

Mimi nimeua watu wengi. Majambazi, askari, wake wa majambazi, mahawara wa majambazi, hata mbwa mmoja. Wote waliamka wakaenda kula pilau. Kazi yangu ya asili ilikuwa kupamba maharusi hapa Mji wa Kale: hina, piko, singo, wanja, nywele. Halafu wakaanza kuja watu wa filamu, na filamu walizozipenda ni za namna moja, maisha ya jambazi fulani aliyeishi kweli na akafa kweli. Waliupenda mtaa wetu kwa vichochoro vyake, maana mtu akikimbizwa humu huonekana anakimbizwa sawasawa. Wakauliza nani ajua kupaka watu rangi, wakaambiwa yuko Salma, apamba maharusi. Nikaenda. Bibi harusi na maiti, wanangu, kazi yao haipishani sana. Wote waambiwa walale, wasijitikise, na kuna watu nje wanangoja.

Aliyenifundisha ni marehemu Karim, Mhindi aliyekuwa na studio ya picha mjini. Mkali yule mzee, na tambuu haimtoki mdomoni. Alikuwa akiniambia, Salma, usipake kwa ajili ya jicho lako, paka kwa ajili ya taa, taa yala rangi. Mimi nilijiona najua. Jambazi wangu wa kwanza nilimpaka damu nyekundu nzuri, nikajisifu, na kwenye picha ikatoka waridi, utadhani kamwagiwa sharubati ya arusini. Karim alicheka mpaka akapaliwa. Nikaona haya, nikarudi jikoni kwangu kutafuta damu yangu mwenyewe.

Damu yenyewe ni hii. Chemsha sukari na maji mpaka inate, tia ile rangi ya kupikia ubuyu, halafu tia unga wa kakao kidogo isije ikang'ara. Ukitaka damu ya jana, iliyokauka, tia ukwaju. Nyama iliyopasuka ni halwa. Msicheke. Halwa ikiwa bado ina uvuguvugu waichana kwa vidole, waibandika kwa gundi ya kope, wapitisha damu juu yake, na hata daktari hatajua mpaka ainame asikie harufu ya iliki.

Ina shida zake lakini. Joto la hapa laiyeyusha, na nyuki waipenda. Nilipata kumlaza jambazi mmoja uchochoroni, amekufa vizuri kabisa, paka wa mtaa wakaja wakaanza kumramba shavu, naye masikini ajikaza asicheke mpaka machozi yakamtoka. Mwingine alikuja bila kula asubuhi. Tuligeuka tu kurekebisha taa, tukarudi tukakuta amelila jeraha lake. Nilimtukana matusi ambayo siyaandiki hapa. Siku hizi naambiwa damu yatiwa na kompyuta, haina nyuki wala paka, na kijana aliyeitia hajasogea kitini. Sawa, dunia yaenda.

Ila kuna jambo moja kompyuta haitawauliza, na mimi nilikuwa nikimwuliza kila mwongozaji wa filamu kabla sijafungua mkoba wangu: aliyepiga alisimama wapi? Risasi ikiingia hutoboa tundu dogo tu, huenda ukalipita usilione. Inapotoka ndipo hupasua. Na kuna inayoingia isitoke. Ukijua aliyepiga alisimama wapi, wajua jeraha liko wapi. Na ukijua jeraha liko wapi, wajua aliyepiga alisimama wapi. Hilo la pili sikulifikiria mpaka siku ya Pweza.

Sasa huyo Pweza. Nyinyi mwamjua kwa filamu. Mimi nilimjua kwa jina lake, Nasoro, mtoto wa pekee wa Bi Rukia, jirani yangu wa ukuta mmoja. Kile kikovu cha kwenye nyusi alikipata kwa kuanguka kwenye baraza yangu mimi, akicheza, na ni mimi niliyemfunga kitambaa. Sikuketi hapa kumtakasa. Nasoro aliiba, alivunja maduka ya watu waliomlea, alimpiga mlinzi wa godauni kule Kilindini akamwacha hawezi kutembea. Yule mlinzi nilikuwa nikimwona kwa mato yangu, akisukumwa kwenda hospitali. Nasoro akiingia mtaani milango ilifungwa, na mamake alikuwa wa kwanza kufunga wake.

Siku ya mwisho yake alijificha katika nyumba moja mbovu kule Kibokoni. Askari walipoizunguka walimwendea Bi Rukia nyumbani asubuhi, yuko jikoni, wakampeleka vilevile na kanga zake na unga mikononi. Wakampa kipaza sauti. Wakamwambia, mwite mwanao, atoke mikono juu, hatutamdhuru. Akamwita. Akamwambia wameniahidi, mwanangu, toka. Alipomaliza walimtia garini wakamrudisha kwake, hawakumwacha angoje. Hajakaa vizuri, risasi zikalia, nyingi, hata huku kwetu tulizisikia. Baadaye ikatangazwa kwamba Pweza ametoka akifyatua bastola na ameuawa.

Maiti ililetwa ikaoshwa na kaka yangu Athumani, aliyekuwa mwosha maiti wa msikiti wetu. Bi Rukia akaonyeshwa uso, kama ilivyo ada, na mwili umeshafungwa sanda. Uso ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Tangu siku ile yule bibi alikuwa na swali moja tu. Aliniuliza mimi, alimwuliza kaka yangu, aliwauliza wauza samaki waliopita Kibokoni asubuhi ile. Siku moja tumekaa tunachambua mchele, akaniambia, bila kuinua uso:

"Salma, mimi nataka kujua alinisikiza au hakunisikiza. Kama alitoka mikono juu, basi ni mimi niliyemtoa wakamwua. Kama hakunisikiza, basi kajiua mwenyewe. Nambia ni lipi, nipate kulala."

Nikamwambia Mungu ndiye ajuaye.

Aliyekuwa akijua ni Kaka Athumani, na Kaka Athumani hakusema. Hiyo ndiyo adabu ya waosha maiti, nanyi mwaijua au mwafaa kuijua: unaloliona juu ya mwili wa mtu walifunika. Bi Rukia alimshika kanzu mara ngapi sijui. Jibu lake lilikuwa moja, kwake na kwangu mimi ndugu yake wa tumbo moja: "Nililoliona majini limekwenda na maji." Nilimkasirikia. Nilimwambia ana moyo wa jiwe.

Miaka ikapita, akaja Musyoka kutengeneza filamu ya Pweza. Musyoka alikuwa mwongozaji kijana, mtu wa bara, mpole, anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alitaka kila kitu kiwe cha kweli: rangi ya shati, mlango wa nyumba, kikovu cha nyusi. Kuhusu kifo alifuata yale yaliyotangazwa. Nasoro atoka mbio, bastola mkononi, apigwa kifuani. Nami nikaanza kujaribu halwa yangu kwenye kifua cha Joseph, karani wa Kilindini aliyechaguliwa kuwa Nasoro. Kijana Mkristo, mcheshi, sura yao si mbali. Nilimwekea kikovu, nikamshusha nyusi kidogo, nikampunguza mashavu kwa kivuli. Siku nilipomaliza nilirudi nyuma hatua moja nikasema astaghfirullah. Alikuwa Nasoro mtupu.

Filamu ilikuwa na mahali pa kuosha maiti, na Musyoka akaomba kaka yangu aje awaonyeshe namna. Nilidhani atakataa. Akakubali, kwa sababu alipata kuona filamu moja ambamo maiti alioshwa kuanzia kushoto, akaugua kwa hasira. Akasema kama lazima waoshe, basi waoshe sawa. Kitanda cha msikiti lakini alikataa kukitoa, ikabidi seremala achonge kingine.

Siku hiyo tulicheka, wallahi. Joseph alikuwa mwepesi wa kutekenywa, na kila Kaka Athumani akimfikia kwapani yuajipinda na kukoroma kwa kicheko. Kaka akasema kaosha watu tangu ujana wake na huyu ndiye maiti wa kwanza kumcheka. Musyoka mwenyewe alikuwa amejishika mbavu. Halafu Joseph akajituliza, akafumba macho, uso ukalegea. Na kaka yangu, ambaye muda wote alikuwa akitazama kazi ya mikono, akainua macho akamwona usoni.

Akaacha kusema. Mikono haikuacha. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, sikupoteza kitu. Akachukua pamba. Kile kifua changu cha halwa alikipita, hakukigusa, kama kwamba hakipo. Akatia kiganja chini ya kichwa, akakiinua polepole, akakigeuza kushoto, na ile pamba akaibandika nyuma ya sikio la kulia akaikandamiza kwa vidole viwili, vile unavyokandamiza pahali panapotoka kitu. Hapakuwa na kitu. Sikupapaka chochote. Akakilaza kichwa. Akachukua sabuni, akashika kifundo cha mkono wa kulia, akasugua kwa kidole gumba akizunguka, akizunguka, kisha wa kushoto, kwa upole, kama unavyosafisha mtoto aliyechubuka.

Musyoka akauliza taratibu, "Mzee, huko nyuma ya sikio kuna nini?"

Kaka Athumani akaitazama mikono yake. Akasema, "Mazoea tu, mwanangu." Akajipangusa, akatoka, akakaa barazani. Nilimpelekea chakula hakukigusa. Nilikaa naye pale, sikumwuliza kitu, naye hakunipa kitu.

Mimi kazi yangu ni majeraha. Mtu anayetoka mbio akikupiga risasi humpigi nyuma ya sikio, na vifundo vya mikono yake havina alama za pingu. Nasoro alitoka. Aliinua mikono, wakamfunga, wakampiga risasi akiwa amefungwa, na zile risasi nyingi tulizozisikia zilipigwa ili tuzisikie. Yule mtoto hakupata kumsikiza mamake tangu aanze kutembea. Siku aliyomsikiza ndiyo siku hiyo.

Nikamwendea Musyoka nikamwambia nataka kuliondoa jeraha la kifuani. Alikuwa ameshaelewa, nilimwona kwa macho yake. Akaniuliza kama kaka yangu angelisema lile mbele ya kamera. Nikamwambia hata mbele ya sultani hatalisema. Akasema, "Basi mama, mimi sina shahidi. Nikilionyesha, filamu haitoki. Na mimi nina mke na mtoto." Si mtu mbaya Musyoka, sitaki mumseme. Alikuwa amekwisha kuogopa, na mimi pia nilikuwa nimeogopa, na kesho yake asubuhi nilipasha halwa yangu moto nikaibandika kifuani kwa Joseph. Ndiyo hiyo mnayoisifu. Ni kweli ilitoka vizuri, haijapata kunitokea vizuri kama siku ile.

Filamu ilipoonyeshwa, alasiri, katika ukumbi mmoja huko Tudor, Bi Rukia akasema yuaenda. Nilijaribu kumzuia. Nikamwambia kuna joto, kuna vijana wahuni, miguu yako yavimba. Hakutaka kusikia. Akaniambia, mimi niliuliza wauza samaki, hawa wameuliza serikali, hawa ndio watakaonambia. Akavaa buibui lake jipya. Nikamshika mkono njia nzima.

Taa zikazimwa, kukatokea maandishi. Bi Rukia hakusoma skuli. Akaniinamia, akauliza, "Wameandika nini?"

Nikamsomea. "Wameandika, hii ni hadithi ya kweli."

"Haya," akasema, akaweka mikono mapajani.

Alitazama kama mtu anayesikiliza hukumu. Palipofika pale mwanamke aliyeigiza kuwa yeye ashika kipaza sauti na kububujikwa na machozi, akaninong'oneza kwamba yeye hakulia, alijizuia ili mwanawe aisikie sauti vizuri. Kisha Nasoro wa filamu, ndani ya nyumba, akatikisa kichwa, akaibusu bastola, akatoka mbio akifyatua. Vijana wote ukumbini wakasimama, miluzi, makofi. Halwa yangu ikapasuka kifuani. Akaanguka.

Bi Rukia akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. "Hakunisikiza," akasema. Nikadhani atazimia. Akasema tena, "Hakunisikiza, Salma. Alhamdulillahi. Si mimi." Na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu mazishi, kilio cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Nikamwambia, "Si wewe, Bi Rukia." Sikuongeza neno, wala siku ile wala baada yake.

Alianza kulala. Alinenepa kidogo. Akawa akiwasimulia majirani, barazani, mwanawe alivyokuwa mkaidi, hasikii la mtu hata la mama, na mimi nimeketi hapo hapo nabangua korosho, nasikia. Kila akilisema neno lile mkaidi nilitaka kuinuka nikimbie. Amekufa akiamini hivyo. Kaka Athumani alitangulia kabla yake, na Karim zamani.

Na nyinyi mmekua na filamu ile. Nikipita ufukweni Mama Ngina jioni nawaona watoto wanunua mihogo, kisha wajitupa majanini wameshika kifua, wenzao wawapiga picha. Jirani yangu wa upande wa pili alikuwa na mwana, Sadiki. Mwaka huu askari walimzunguka uchochoroni ana kisu, watu wamwambia weka chini mwanangu, weka chini. Alijibu kwamba Pweza hakuiweka bastola yake, wakampiga risasi. Hayo nimeyasikia kwa mamake mzazi, nilipokwenda kumpa pole, naye akanikumbatia akaniambia nimshukuru Mungu mimi sina mwana wa kiume. Kijana amekufa akiiga kifo ambacho hakikutokea, na anayejua hivyo mtaa mzima ni mimi peke yangu.

Sijui kwa nini nawaandikia. Sitaraji kitu. Filamu haitafutika, hakuna mlango nitakaougonga nikafunguliwa, na najua kwamba mkishasoma mtasema bibi kazeeka, tufanye ile ya kifuani, yapendeza zaidi. Ni kweli yapendeza. Lakini mliniuliza jeraha la Pweza, na fundi akiulizwa kazi yake huijibu.

Halwa hamuihitaji. Kifua kiacheni kisafi. Tundu ni moja, dogo, nyuma ya sikio la kulia, na mbele halikutokea, kwa hivyo uso msiuguse. Vifundo vya mikono vipakeni wekundu wa pingu, pande zote, na pale kwenye mfupa mzidishe kidogo. Na kabla ya hayo, anapotoka mlangoni, mwambieni anayeigiza ainue mikono yote miwili, polepole, atazame pale sauti ya mamake ilipotokea, amtafute, asimwone.